Mashine ya Mwalimu Ndani ya Stoo ya Kahawa

Mume wangu alianza kuniibia vitu mchana kweupe. Kwanza ilikwenda sufuria yangu ndogo, ile ya kuchemshia maziwa ya mtoto. Ikafuata spika ya redio, kisha kipande cha kitambaa cheusi nilichokiweka kando nishone sketi. Nilipomuuliza alinijibu kwa ule upole wake unaonitia hasira mpaka leo: "Mama, sijaiba. Nimeazima kwa ajili ya sayansi." Nikamwambia sayansi haijawahi kuchemsha maziwa ndani ya nyumba hii, arudishe sufuria. Hakurudisha.

Tulikuwa tumepanga Lemara, vyumba viwili na kaua ka kuanikia nguo. Yeye alifundisha fizikia sekondari, mimi nilikuwa nauza mitumba soko la Kilombero. Ilikuwa miaka ile soko huria limeingia kwa kishindo. Jana ulipanga foleni ya sabuni, leo sabuni imejaa mpaka barabarani na kila mtu ana kitu cha kukuuzia. Magari ya watalii yalikuwa yanapishana mjini, na vijana waliokuwa wakimwomba mume wangu awasaidie hesabu sasa walikuwa wanampigia honi. Walimu walibaki na chaki yao. Mwenzangu alisoma mpaka chuo kikuu, lakini mimi wa kidato cha nne ndiye nilikuwa namnunulia viatu. Simsimangi, jamani. Nasema ilivyokuwa.

Kila mtu alimwita Mwalimu, hata mimi, hata baba yake mzazi.

Balaa lote lilianzia kwenye kifaa kibovu. Mzungu mmoja mtafuta madini alipita shuleni kwao akakiacha pale kwa sababu hakifai tena. Mwalimu akakifungua, akakuta ndani mrija mdogo wa unene wa kidole, haujavunjika. Siku hiyo alirudi nyumbani anatabasamu mpaka nikadhani mishahara imepandishwa. Akaniweka chini anieleze. Ndani ya mrija mna gesi, alisema. Mwale wa gama ukipita humo, umeme unaruka kidogo, na ukiunganisha spika utausikia: tik. Mwale mmoja, tik moja.

"Miale yenyewe inatoka wapi?"

"Mingine ardhini, kwenye mawe. Mingine inatoka juu, nje kabisa ya dunia hii. Inatupita sasa hivi, mimi na wewe na watoto."

Nikawatazama watoto wanavyokula ugali wao. "Inaumiza?"

"Haiumizi."

"Inauzika?"

Alicheka mpaka akakaa chini. Basi ndivyo tulivyokuwa, mimi na yule mtu.

Alichotaka ni kuunda kipimo cha bei ya bure na wanafunzi wake wa kidato cha sita, halafu wapande nacho Mlima Meru wasikie wenyewe jinsi miale ya kutoka juu inavyoongezeka kadiri unavyopanda. Kitabuni imeandikwa hivyo. Lakini maabara yao ilikuwa na meza tu, na kabati lililofungwa kwa kufuli ambalo ufunguo wake ulipotea. "Ninawafundisha watoto wakariri vitu ambavyo hata mimi sijawahi kuvisikia," aliniambia. "Mtu anaweza kuishi hivyo mpaka astaafu. Mimi siwezi." Aliposema hivyo hakuwa anatabasamu.

Sasa, kaka yangu alikuwa mkubwa katika kampuni moja ya kutembeza watalii, na alikuwa anatafuta mtu wa kumsimamizia ofisi. Anataka mtu anayejua Kiingereza, asiyekunywa, asiye mwizi. "Shemeji anafaa kabisa," alisema, na nafasi akaishikilia mpaka shule zifungwe kwa Pasaka. Mimi nilifurahi, sifichi. Niliishaona nyumba yetu wenyewe, na watoto kwenye shule nzuri, na mimi kwenye duka lenye mlango badala ya kukaa juani nikigombea bei ya suruali. Nilimsema Mwalimu kutwa kucha. Nilimsema akinawa, nilimsema akila, nilimsema tukitoka kanisani.

Jumapili moja akaweka kijiko chini. "Tupatane," akasema. "Nipe mpaka shule ifungwe. Mashine ikisema kweli kabla ya siku hiyo, nabaki na chaki yangu na hutanisema tena. Ikishindwa, navaa tai naenda kwa shemeji, na mimi sitalalamika tena."

Nikamnyooshea mkono juu ya bakuli la mchicha. Mimi Mchaga na yeye Mmeru tukashikana mikono kama watu waliouziana ng'ombe.

Mashine aliijenga kwenye kopo la maziwa ya unga. Umeme wa nguvu wa kuamsha ule mrija aliupata kwenye flashi ya kamera mbovu, nayo ikala betri ya gari. Spika ni ile yangu ya redio. Kitambaa changu cheusi kilifunika mrija usipate mwanga. Na sufuria yangu, Mungu anamwona, ilikuwa kifuniko. Siku ya kwanza ilipolia tik niko uani naanua nguo. Alitoka mbio akanishika mabega na mikono yake inanuka moshi wa kulehemu. Niliguna tu, lakini nilifurahi kumwona vile.

Tatizo lilikuwa ardhi. Alinieleza kwamba ukitaka kusikia miale ya juu, lazima kwanza uzibe ile ya chini, maana mawe ya Meru nayo yana miale yake na kila mahali yanatofautiana. Kitu cha kuzibia vizuri ni risasi, kile chuma kizito. Risasi ataipata wapi? Akakumbuka stoo ya kahawa ya baba yake.

Kwao ni juu, kwenye miteremko, kwenye migomba na kahawa na mifereji ya maji inayopita mpaka nyuma ya jiko. Stoo ile zamani haikuwa na pa kuweka mguu msimu wa kuvuna. Lakini walipokuja wanunuzi binafsi na mizani zao, na chama cha ushirika kikachechemea, bei ilianguka mpaka baba mkwe akasusa. Aliiacha mibuni irefuke kama miti ya kuni. Stoo ikabaki na buni za msimu wa nyuma ambazo alikataa kuziuza kwa bei ya dharau, na magunia ya mbolea ya fosfeti, ule unga wa mawe yaliyosagwa, ambayo aliona hasara kuimwagia kahawa isiyo na bei. Mwalimu akayatazama yale magunia, mazito, ya mawe matupu. Akasema hii ndiyo risasi ya maskini.

Wakajenga ngome ya magunia, chini, pembeni na juu, mashine ikakaa katikati. Kila Jumamosi wanafunzi walipanda huko, wasichana kwa wavulana, wakimsalimia mama mkwe "shikamoo bibi" na kupewa machalari, zile ndizi za kupikwa na nyama. Walikuwa hawana chombo cha kuhesabia tik, kwa hiyo walitumia buni. Mmoja anashika saa, mwingine anachukua punje kwenye gunia na kuidondosha kwenye bakuli kila inapolia. Tik, punje. Saa ikiisha muda wake wanalinganisha mabakuli. Baba mkwe alisimama mlangoni akawatazama. "Kumbe bado ina kazi, hii kahawa," akasema, akaenda zake.

Na hapo ndipo mambo yalipomwendea mrama mume wangu. Bakuli la ndani ya ngome lilikuwa linajaa kuliko bakuli la nje. Anakinga, mashine inazidi kulia. Anaongeza magunia, inalia zaidi! Akasema ni waya. Akafumua waya zote akalehemu upya. Akasema ni unyevu wa stoo, akaianika mashine juani. Akasema ni flashi, akatafuta kamera nyingine mbovu mjini kote. Jumamosi ikaja, jibu ni lile lile. Wanafunzi wakaanza kupungua, maana mtihani unakaribia, na mwalimu mwenzake mmoja akawa anamwuliza mbele ya watu kama kopo lake limeshaongea na malaika.

Aliacha kunitania. Hilo ndilo lililoniumiza. Alikula nusu ya chakula, akasema asante, akakaa anaitazama mikono yake. Mimi ndiye niliyetaka ashindwe, naye alikuwa anashindwa, na sikuwa na furaha hata ya kuweka kwenye kijiko.

Shule ikafungwa siku ya Ijumaa. Alirudi na vumbi la chaki kwenye mkono wa koti, akasimama katikati ya chumba.

"Shule imefungwa," akasema.

"Najua."

"Umeshinda, Mama."

Neno hilo nililisubiri muhula mzima, na lilipofika sikulitaka. Nikamwuliza kama atakunywa chai.

Kesho yake tulipanda kwao kufungasha vitu. Mvua za masika zilikuwa zimeshaanza na watu wako mashambani wanapanda mahindi. Wanafunzi watatu wanne walikuja kusaidia, masikini, na nyuso za msibani. Mwalimu aliwaambia wasiizime mashine. "Iacheni ilie mpaka betri ife yenyewe," akasema, akachukua jembe akamfuata baba yake shambani. Wanafunzi wakaenda jikoni kula. Mama mkwe akanituma: "Mwanangu, toa mbolea humo stoo utuletee, tutie kwenye mashimo ya mahindi. Inakaa bure."

Nikaingia. Mashine inalia ndani ya ngome yake, tiktik-tik, tik-tiktik, inaharakisha kama kawaida. Nikavuta gunia la kwanza la juu, nikaliburuta mpaka nje. Nikarudi nikavuta la pili, la tatu. Ni mazito, najilaumu kwa nini sikuwaita wale vijana. Nilipofika kwenye la nne nikasimama.

Niseme jambo moja kunihusu. Mimi ni wa kwaya. Nimeimba sauti ya pili tangu niko msichana, na kwa miaka mingi ndiye niliyekuwa nawashikia wenzangu mwendo, maana kwaya za kwetu zina ugonjwa wa kukimbia wimbo. Mtu akipunguza au akizidisha nasikia hata kama nimelala. Na mashine ya mume wangu ilikuwa imepunguza.

Nilidhani ni betri. Lakini kila tik yenyewe ilikuwa na sauti ile ile, haijafifia. Ni mwendo tu. Nikavuta gunia lingine, nikalitoa mpaka mlangoni, nikarudi nikasikiliza. Imepungua tena. Mae! Nikaliburuta lile gunia nikalirudisha mahali pake, jasho linanitoka. Ikaharakisha. Nikalitoa. Ikatulia.

Sikujua maana yake, wala sitajifanya nilijua. Nilijua kwamba huyu mtu anatafuta kosa kwenye waya zake mwezi baada ya mwezi, na kosa haliko kwenye waya. Nilijua pia kwamba Jumatatu kaka yangu anakuja na gari. Nilikaa juu ya lile gunia kidogo. Kisha nikasimama mlangoni nikapiga kelele kwa sauti yangu yote ya kwaya: "Mwalimu! Mwalimu weee!"

Walikuja wote mbio wakidhani ni nyoka. Mwalimu mbele na jembe lake, baba mkwe nyuma na panga, wanafunzi midomo imejaa chakula.

"Weka jembe chini," nikamwambia. "Nyamaza. Sikiliza."

Nikalikokota gunia ndani, nikalitoa, nikalirudisha tena. Nilimwona uso ukibadilika, kama mtoto anayetaka kulia na hajui bado kama atalia. Akachota kiganja cha ule unga wa mawe, akausogeza karibu na mrija, akauondoa, akausogeza tena. Akaketi sakafuni na tope lake.

"Ni mbolea," akasema. "Ni mawe haya haya. Mawe ya fosfeti yana urani kidogo ndani yake, nayo inatoa gama. Nimefundisha habari za urani miaka yote hii. Mimi ndiye niliyeijengea mashine nyumba ya miale! Nimekimbia mvua nikaenda kusimama chini ya bomba!"

"Kwa hiyo tumekuwa tukila sumu?" mama mkwe akauliza, macho yamemtoka.

"Hapana, mama, ni kidogo sana. Mawe mengi yanayo. Hayakudhuru." Akaanza kucheka, na machozi yanamtoka, na baba mkwe akamtazama kisha akanitazama mimi, kama anayeniuliza nimemfanya nini mwanawe.

Msichana mmoja kati ya wale wanafunzi, mfupi, mwenye maneno machache, akameza chakula chake akasema, "Mwalimu, kwa hiyo mashine ilikuwa inasema kweli siku zote."

Maneno hayo mimi niliyasikia.

Mchana huo huo walipata dawa. Mfereji unapita hapo nyuma, madumu ya maji hayakosekani kwenye nyumba ya Mmeru. Wakajaza madumu, wakajenga ngome mpya ya maji. Mashine ikapunguza mwendo, ikapunguza kweli kweli, mpaka ikabaki tik moja moja, na nafasi kati yake. "Hizo zilizobaki," Mwalimu aliwanong'oneza wanafunzi, "nyingi zinatoka juu." Wote wakatazama bati.

Nilidhani mambo yameisha. Jumatatu asubuhi namkuta mbele ya kioo, amevaa koti, anafunga tai.

"Unakwenda wapi?"

"Kwa shemeji. Tulipatana, Mama. Kabla shule haijafungwa. Imefungwa Ijumaa, kosa limeonekana Jumamosi, tena umeliona wewe, si mimi." Alisema bila uchungu, na ndiyo maana iliniuma. "Ulishinda kihalali. Sikuoa mtu ili nije nimdhulumu."

Honi ikalia barabarani. Nikatoka mimi, na kanga yangu na sabuni mikononi, nikamkuta kaka ameteremka kwenye gari jipya, miwani ya jua usoni.

"Shemeji yuko tayari?"

"Hayuko tayari, kaka. Haendi."

"Haendi kivipi?"

"Nilipatana naye kwamba mashine yake ikisema kweli kabla ya shule kufungwa, atabaki kufundisha. Imesema kweli muhula mzima. Ni sisi tu hatukuielewa."

Kaka akavua miwani. "Dada, uko sawa? Wewe ndiye uliyenisumbua! Nafasi hii kesho haipo, nakwambia."

"Mpe mwingine."

"Na duka lako?"

Lile duka nilikuwa nimeshalipaka rangi kichwani. "Nitaendelea kukaa juani," nikasema. "Nimezoea. Yeye akikaa ofisini kwako atakufa, kaka. Atakuwa anakula vizuri na anakufa." Kaka alinitazama kama mtu aliyeibiwa, akaingia garini, akasahau hata kuniaga.

Nilipogeuka, Mwalimu yuko mlangoni. Amesikia yote. Tai imefungwa vibaya, fundo liko chini ya sikio.

"Vua hiyo tai," nikamwambia. "Madumu hayajajazwa."

Tulikwenda wote, hata mimi, nikafunga biashara yangu. Tulianzia Kisongo kule chini kwenye vumbi, na maji tukayabeba kutoka mjini kwa gari la mboga, watu wakituuliza tunauza bei gani. Wanafunzi wakajenga ngome yao ya madumu, wakadondosha punje zao. Tukapita Momela, twiga wa mbali wakitutazama. Mwisho tukapanda kupita shamba la mwisho kabisa, pembeni ya msitu, penye mfereji wa maji baridi kiasi cha kuuma vidole. Kwenye bakuli la Kisongo buni zilikuwa hazijafunika hata kitako. La Momela lilizidi kidogo. La pale juu lilikuwa na kilima cha buni katikati, na yule msichana mfupi aliyekuwa anadondosha alianza kulia huku anahesabu, hakuacha kuhesabu.

Mimi sikuhitaji bakuli. Nilikuwa nimeshausikia mwendo.

Mwalimu hakuitazama mashine. Alikuwa anawatazama wale watoto walivyoinamisha vichwa kusikiliza. "Wanasikia," akaniambia. "Mama, wanasikia wenyewe." Akanishika mkono mbele ya wanafunzi, kitu ambacho hakuwahi kukifanya hata siku ya harusi. Nilimpenda siku ile kuliko siku zote nilizowahi kumpenda, na nilikuwa nimechoka, na miguu imelowa.

Nikatazama chini. Kiatu chake cha kulia kilikuwa kimeachama mbele, soli imejitenga, kidole kinaonekana kwenye soksi.

"Hivi vimekwisha," nikamwambia. "Jumatatu nikifungua belo jipya la mitumba nitakutafutia vingine, vya kupandia mlima."